Msaada, Saada na Maana ya Maisha

Neno msaada na jina Saidi ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika shina la Kiarabu lililozaa pia saada, yaani heri iliyokamilika, na majina kama Masudi na Suudi wanayopewa watoto kwa kuombewa bahati njema. Shina hilohilo lina neno la mkono kuanzia kiwiko hadi kiganjani, na wapo wanaleksika wa Kiarabu waliosema kuwa kusaidia asili yake ni mkono mmoja kutiwa penye mkono mwingine. Udugu wa maneno hauthibitishi udugu wa mambo. Lugha imejaa maneno ya shina moja yasiyopatana hata kidogo. Hata hivyo swali lenyewe limekwisha kujitokeza: je, saada ya mtu hutokana na msaada anaowapa wenzake, au mawili hayo yamekutana katika kamusi tu?

Kabla ya kulijibu, raha haina budi kutengwa na furaha. Raha asili yake ni mapumziko: tumbo limeshiba, kivuli kipo, hakuna anayegonga mlango. Furaha huja na habari: mtoto amefaulu, mgonjwa ameruhusiwa kutoka hospitali, mvua imenyesha kwa wakati wake. Mtu hupata raha kwa kuondokewa na mambo, hupata furaha kwa kujiwa na jambo. Saada, ambayo siku hizi hukutwa katika vitabu vya dini na tenzi kuliko kijiweni, ni hali ya maisha mazima yaliyokwenda vyema. Anayewasaidia wengine kwa kawaida hupungukiwa raha: huamka usiku, hutembea juani, hukopa ili akopeshe. Kama anapata kitu, kitu hicho kimo katika hayo mawili mengine. Ubishi mwingi juu ya wema na furaha haufiki popote kwa kuwa mmoja anazungumzia raha na mwenzake anazungumzia saada, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe anakusudia ipi.

Maana nayo ina tabia yake. Wanafalsafa wa Ulaya wamezoea kuuliza kama maisha yana maana, kana kwamba maisha ni sentensi inayongoja kufasiriwa. Katika Kiswahili cha kila siku anayepewa maana au kuvuliwa ni mtu. Mtu wa maana ni yule ambaye neno lake linashikika, na asipokuwepo pengo lake linaonekana. Asiye na maana si lazima awe fukara au mjinga. Ni yule aliyeahidi kuja kuchimba kaburi, kisha akaonekana kesho yake barazani akinywa kahawa. Hukumu hiyo hutolewa na wengine, tena kwa jambo walilomtegemea. Kwa matumizi haya maana haikai kifuani mwa mtu peke yake. Ipo kati yake na wanaomtazamia.

Wanafalsafa wa Kiislamu walitumia neno saada walipofasiri lile la Kiyunani ambalo Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliliweka kuwa lengo la mwisho la mwanadamu. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika kitabu juu ya namna ya kuipata; al-Ghazali, aliyefariki 1111, akaandika kingine kwa Kiajemi na kuifananisha na elimu ile ya kugeuza shaba kuwa dhahabu. Kwa hao wote saada haikuwa hisia ya kupita. Aristotle aliiita utendaji, kuzitumia vyema nguvu alizonazo mtu, jambo ambalo aliyelala usingizi hawezi hata akiwa mwema namna gani.

Katika kitabu cha 9 cha maandishi yake ya maadili, yale yaitwayo ya Nikomako, alikumbana na jambo lililowashangaza wengi: mtenda hisani humpenda aliyetendewa kuliko anavyopendwa naye. Ingetazamiwa kinyume. Maelezo yaliyokuwa yakitolewa yalikuwa ya deni, kwamba mdai humwombea mdaiwa uzima ili alipwe, na mdaiwa angefurahi mdai wake asionekane tena. Aristotle aliyakataa. Mdai hampendi mdaiwa, anazipenda fedha zake. Mtenda hisani humpenda aliyemsaidia hata pale asipotarajia kitu kabisa. Humpenda kama fundi apendavyo kazi ya mikono yake, au mshairi shairi lake. Mtu hupenda kuwepo, na huwepo kwa kutenda, na alichokitenda ni yeye mwenyewe akionekana nje ya mwili wake. Tena kilichopatikana kwa taabu hupendwa zaidi, ndiyo maana, alisema, mama huwapenda watoto kuliko baba.

Mwalimu wa darasa la kwanza hahitaji kuusoma ukurasa huo. Akipanda daladala na kumkuta konda ambaye miaka 20 iliyopita alimshika mkono kumfundisha kuandika herufi, huenda konda akawa hamkumbuki; mwalimu anakumbuka hadi kuwa alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto. Lakini mfano wa fundi na kazi yake una ila moja, na ila hiyo itarudi mbele: meza haiwezi kuona haya kwa kuwa ilitengenezwa. Aliyesaidiwa anaweza.

Pingamizi lililo kongwe kuliko yote linasema kwamba anayesaidia anajisaidia. John Aubrey, aliyekusanya habari za maisha ya watu mashuhuri wa Uingereza wa karne ya 17, alisimulia kisa cha Thomas Hobbes, mwanafalsafa anayetajwa sana kwa kumwona mwanadamu kuwa mpenda nafsi. Katika barabara ya Strand, London, mzee dhaifu alimwomba sadaka, Hobbes akatia mkono mfukoni akampa peni 6. Kasisi aliyesimama kando akamuuliza kama angetoa lau Kristo asingeamuru. Hobbes akasema angetoa, kwa sababu hali ya mzee ilimuumiza kuitazama, na kile kilichompunguzia mzee dhiki kilimpunguzia na yeye maumivu. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kuwa hakuna wema usio na hesabu ya faida.

Kinathibitisha kinyume chake. Kama shida yote ya Hobbes ilikuwa maumivu yake mwenyewe, ilikuwapo dawa ya bei nafuu zaidi ya peni 6: kuvuka barabara na kutazama upande wa pili. Na mzee yule asingemuumiza hata kidogo kama hali yake isingemhusu. Hoja hii ilipangwa vizuri na kasisi Joseph Butler katika hotuba alizozichapisha mwaka 1726. Ladha, kwa maneno mengine, hutanguliwa na haja. Chai ya tangawizi asubuhi ya baridi Lushoto humfurahisha anayetaka chai. Asiyeitaka hapati furaha yoyote humo, hata akiambiwa kuwa chai hiyo hufurahisha. Vivyo hivyo mtu hufurahi mwenzake anapopona kwa sababu alitaka apone. Furaha imekuja baada ya kumtakia mwingine heri, haikuwa ndiyo iliyotakwa. Anayesema kwamba mtu husaidia ili afurahi ameutanguliza mkokoteni akamfunga punda nyuma.

Kutokana na hapo linafuata jambo gumu kwa yeyote anayetaka kutoa msaada kama dawa ya huzuni: dawa hii haimponyi anayeinywa kwa kuwa ni dawa. Mwanafalsafa John Stuart Mill aliijua hali hiyo kwa kuipitia. Alilelewa tangu utotoni kwa ajili ya kazi ya kuongeza furaha ya watu wengi iwezekanavyo, na mwaka 1826, akiwa na umri wa miaka 20, alijiuliza kama angekuwa na furaha iwapo marekebisho yote ya jamii aliyoyapigania yangetimia siku ileile. Moyo ukamjibu hapana. Akaanguka katika unyonge wa miezi mingi. Katika tawasifu iliyotoka mwaka 1873, baada ya kifo chake, alieleza kuwa alitoka humo na fikira mpya: wenye furaha ni wale waliokaza macho yao kwenye kitu kingine, iwe hali ya wenzao au kazi wanayoipenda, nayo furaha wakaikuta njiani. Inafaa kuongeza jambo ambalo Mill hakulisisitiza sana. Watu aliotaka kuwafaa walikuwa wengi mno kiasi kwamba hapakuwa na hata mmoja ambaye angegonga mlango wake kumuuliza kwa nini jana hakutokea.

Wanasaikolojia wa karne hii wamejaribu kuyapima haya. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha jaribio lililofanywa Kanada: watu walipewa asubuhi bahasha yenye dola 5 au 20, baadhi wakaambiwa wazitumie kwa mahitaji yao, wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine, kabla ya saa 11 jioni. Walipoulizwa jioni, walioonekana wenye furaha zaidi ni wale waliozitumia kwa wengine, na kiasi cha fedha hakikubadili jambo. Watu wengine walipotakiwa kubashiri matokeo walikosea. Walidhani dola 20 za kujinunulia ndizo zingeleta furaha kubwa. Mwaka 2013 Aknin na wenzake walitoa matokeo ya nchi 136, pamoja na jaribio walilolifanya Kanada na Uganda, wakauona mwelekeo uleule katika nchi nyingi, tajiri na maskini. Majaribio ya baadaye yenye watu wengi zaidi yameuona pia, ila kwa kiasi kidogo. Mwaka huohuo wa 2013 Roy Baumeister na wenzake walionyesha kuwa furaha na maana haziendi pamoja kila mara: maisha ya kujisikia vizuri yalihusiana zaidi na kupokea, na maisha yenye maana yalihusiana zaidi na kutoa, hata pale kutoa kulipokuja na wasiwasi na uchovu. Mzazi yeyote mwenye mtoto mchanga angeweza kuwaambia hivyo bila dodoso.

Vipimo hivi vina mpaka wake, nao si mdogo. Furaha ya mtoaji haipimi thamani ya alichotoa. Mwanafalsafa Peter Singer, katika makala ya mwaka 1972 aliyoiandika wakati wa maafa ya Bengali, aliuliza kwa nini mtu aone wajibu wa kumwokoa mtoto anayezama dimbwini mbele yake, asiuone wajibu huo kwa mtoto anayekufa mbali. Kifalsafa swali lake halijapata jibu la kuliua. Chandarua kilichotumwa kwa mtoto asiyejulikana kinaweza kuokoa uhai, na aliyekituma asisikie chochote. Kumpokea jirani mzigo wa kuni kunaokoa dakika 10 tu, na moyo ukachangamka hadi jioni. Anayetafuta furaha atapendelea kuni. Ndiyo sababu wema hauwezi kuachiwa furaha peke yake iuongoze.

Lipo pia tatizo la kimantiki ambalo hukaribia kuonekana mzaha. Kama maana ya maisha ya Asha ni kumsaidia Juma, na ya Juma ni kumsaidia Neema, na ya Neema ni kumsaidia mwingine, nani basi anaishi? Msaada haujitoshelezi. Unapewa maana na kile unachokifikia: mgonjwa apone ili arudi kwenye mashua yake, binti amalize shule ili asome anachokitaka, mjane aezekewe paa ili alale bila kuhamisha kitanda kila inyeshapo. Mashua, elimu na usingizi ni vitu vyema kwa vyenyewe. Pasipo watu wanaopenda kitu kingine zaidi ya kusaidia, hata kusaidia kungekosa pa kushika. Kwa hiyo wanaosema kwamba msaada ndio maana ya maisha wamesema zaidi ya wanachoweza kukitetea. Linaloweza kutetewa ni dogo zaidi na lina uzito zaidi: kwamba kwa kusaidia mtu huingia katika hesabu ya watu.

Hesabu hiyo huonekana wazi msibani. Saa chache baada ya habari kutoka, turubai limekwisha kufungwa, viti vinashushwa, na mtu mmoja amekaa penye meza ndogo na daftari la mistari. Humo huandikwa rambirambi: jina, kisha kiasi. Yupo wa 50,000 na yupo wa 500, na yule wa 500 hutajwa jina lake kamili kama mwenzake. Katika baadhi ya madaftari fedha si zote; huandikwa pia kuni mzigo mmoja, maharage ndoo moja, maji. Vijana wamekwenda kuchimba. Mtani wa marehemu, kwa mfano Mnyamwezi katika msiba wa Wazaramo, ana kibali cha kuwachekesha wafiwa na kudai ujira wa kichekesho kabla hajaachia majembe, na huo ni msaada usiofanywa na ndugu hata wakitaka. Nyuma ya nyumba sufuria zimetelekwa juu ya mafiga, na penye mkeka amekaa bibi mwenye miaka 80 na kitu akiwa na ungo mapajani. Hawezi kubeba ndoo wala kukoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Anachambua mchele. Anaurusha kidogo, anaupuliza, anatoa chuya na vijiwe, anamimina penye beseni, anaongezewa mwingine. Hakupewa ungo ili afarijike. Mchele una mawe kweli, na watu 200 watakula.

Katika jambo hili msiba hushinda programu nyingi za kujitolea zilizopangwa na wataalamu. Kila anayefika hukuta kitu kinachomngoja kwa kipimo cha nguvu zake, na kitu chenyewe kinahitajika hasa. Methali isemayo kutoa ni moyo, si utajiri, husomwa mara nyingi kama sifa ya ukarimu; inaweza kusomwa pia kama kanuni ya usawa, kwamba mlango wa kutoa hauna kimo ambacho maskini au mkongwe atashindwa kukifikia. Vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo vimeenea katika miji ya Tanzania, vilijengwa juu ya kanuni hiyo hata kabla ya kuwa na katiba na kadi. Mwanachama hanunui jeneza lake tu. Ananunua kuwa mtu anayezika wengine.

Fikira hii ndiyo waandishi wa Kiswahili waliyoiita utu. Ahmad Nassir wa Mombasa aliitungia utenzi mzima, Mtu ni Utu, ambamo utu hupimwa kwa matendo anayowatendea mtu wenzake, wala hauji kwa kuzaliwa tu. Shaaban Robert katika Utubora Mkulima alimchora mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima kijijini, akiamini kuwa huko atapata maisha bora. Msomaji wa leo anaweza kumwona Utubora mwema kupita kiasi cha kusadikika. Lakini mwandishi alikuwa ameona jambo la kweli: mhusika wake hatafuti mahali pa kufanya hisani. Anatafuta mahali pa kuishi, na hisani zinamkuta humo akiwa jirani wa watu.

Upande wa pili wa jambo ni yule anayepokea, ambaye vitabu vya furaha humsahau. Mwanaanthropolojia Marcel Mauss, katika uchunguzi wake juu ya zawadi uliotoka mwaka 1925, alionyesha kuwa katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Anayepokea daima bila nafasi ya kurudisha huwekwa chini ya mtoaji. Kiswahili kina neno kamili la uovu unaozaliwa hapo, masimango: kumkumbusha mtu ugali aliolishwa, ada aliyolipiwa, godoro alilolalia. Si bure kwamba mafunzo ya Uislamu huyahesabu masimango kuwa kitu kinachoibatilisha sadaka, na kwamba zaka, ile asilimia 2.5 ya mali iliyotimiza kiwango na mwaka, hufundishwa kuwa haki ya mhitaji iliyomo katika mali ya tajiri. Anayepokea haki yake hana sababu ya kuinama. Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kuwa mwenye nacho anapaswa kumwepusha anayesaidiwa na fedheha, hata aonekane kana kwamba yeye mtoaji ndiye aliyefanyiwa heshima kwa kukubaliwa. Maimonides, Myahudi wa karne ya 12 aliyeishi Misri, alizipanga sadaka katika daraja 8, na ya juu kabisa ni ile ya mkopo, ubia au kazi inayomfanya mtu asihitaji sadaka tena.

Kisarufi, kusaidia kuna mtendaji na mtendwa. Kusaidiana kuna watendaji watupu. Kiambishi kimoja kidogo, -an-, kinawaondoa watu wote kwenye nafasi ya mtendwa, na ndicho kinachotenganisha jirani na mfadhili. Methali ya mgeni inalisema hilo kwa jembe. Kwamba mgeni ni siku mbili na siku ya tatu apewe jembe, wengi huichukulia kama onyo la kumtoa mvivu. Mwaka 1962, katika kijitabu chake juu ya Ujamaa, Julius Nyerere aliitaja na kueleza kuwa kwa kweli mgeni mwenyewe aliliomba jembe kabla ya kupewa, kwa kuwa angeona haya kuendelea kukaa bure. Kwa tafsiri hiyo jembe ni heshima. Siku mbili za kwanza mgeni analishwa. Siku ya tatu anakuwa mmoja wa wanaolisha.

Jembe linalotolewa kwa amri ni kitu kingine. Harambee, wito ambao Kenya ilianza nao uhuru mwaka 1963, ulijenga shule na zahanati nyingi kwa nguvu za wanavijiji, kisha kwa miaka mingi ukageuka jukwaa la wanasiasa kuonyesha mabunda ya noti na machifu kukusanya kwa lazima, hadi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka watumishi hao katika uchangishaji. Katika miaka ya 1970 Tanzania nayo ilihamisha watu kwenye vijiji vya ujamaa, mara nyingi kwa nguvu, na wengi walilima shamba la pamoja kwa kutimiza hesabu ya siku. Wanasaikolojia Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha mwaka 2010 kuwa msaada hunufaisha moyo wa mtoaji pale tu anapoutoa kwa hiari, na kwamba hata mpokeaji huonja tofauti hiyo. Leo shuruti imehamia kwenye simu. Orodha ya michango ya harusi hupita katika kundi la WhatsApp, kila aliyelipa akiwekewa alama ya vema, na asiye na alama anajiona uchi mbele ya watu 140. Analipa, ndiyo, na pengine anakopa ili alipe. Hesabu ya watu, ambayo ni chemchemi ya maana, imegeuzwa kuwa fimbo.

Wapo pia wanaosaidia bila kuhesabiwa. Mwanamke aliyepika msibani siku 3 mfululizo, akavuta moshi na kulala kwenye jamvi, mara nyingi hayumo katika daftari. Limo jina la mumewe na 10,000 zake. Binti anayeacha shule kumuuguza nyanya yake husifiwa moyo wake wa huruma, na sifa hiyo inafanya kazi ya kufunga mjadala kuhusu kwa nini kaka zake hawakuulizwa. Nadharia yoyote inayosema kuwa furaha imo katika kuwatumikia wengine lazima iulize ni nani anayeambiwa hivyo, na na nani. Ikihubiriwa zaidi kwa wasio na uwezo wa kukataa, si falsafa tena.

Kosa la upande wa pili hufanywa kwa mapenzi. Mama amelima maisha yake yote kijijini. Watoto wamepata kazi, wamemleta mjini, wamempa chumba chenye feni na televisheni, wanamtumia fedha kwa simu na kumtuma msichana wa kazi amfulie. Kila anapoinuka kushika ufagio huambiwa apumzike, amefanya kazi vya kutosha. Raha anayo, kamili. Baada ya miezi michache anaanza kuumwa maradhi ambayo daktari hayaoni kwenye vipimo, na anauliza lini atarudishwa kwake. Watoto wanashangaa wamemkosesha nini. Kisha siku moja jirani anayeuza mboga gengeni anakosa pa kumwacha mtoto na kumleta kwa bibi kwa saa mbili, na kesho tena, na keshokutwa na mwenzake. Mwisho wa mwezi kuna watoto 3 barazani kila asubuhi, msichana wa kazi analalamika juu ya uji uliomwagika, na mama hajataja habari ya kurudi kijijini tangu Jumapili iliyopita.